Swali linapokuwa tusi

Kwenye viwanja vya mpira hapa Baraka, mchezaji anayeanguka ovyo huulizwa: «Weye uko mwanamuke?» Kisarufi ni swali, lakini hakuna anayengojea jibu, na mwamuzi hatoi kadi. Kwa nini basi linauma? Mimi nilisaidiwa na kesi ya kriketi, mchezo tusioucheza huku Fizi.

Februari 2019, kisiwani St Lucia, Shannon Gabriel wa West Indies alimwuliza Joe Root, nahodha wa Uingereza, kwa nini anamchekea, na kama anapenda wanaume. Kipaza sauti cha kwenye wiketi kilinasa jibu tu: Root akimwambia asilitumie hilo kama tusi, kwani kupenda wa jinsia yako si kosa. Swali lenyewe Gabriel alilieleza baadaye, alipoomba radhi.

Root hakujibu «ndiyo» wala «hapana». Angesema «hapana», angekubali kwamba kuna aibu ya kukanwa. Alichokataa ni ile dhana iliyojificha ndani ya swali, na tusi lote limo humo.

Gabriel alikiri kosa. Alikatwa 75% ya malipo ya mechi na kupewa pointi 3 za adhabu. Pamoja na za zamani zikafika 8, ndipo akafungiwa mechi 4 za siku moja.

Hapa Baraka waulizwao wote hukana. Bado sijamsikia anayejibu: «Mwanamuke iko na kosa gani?»