Ofisi ya Mayfair: Kuingia Rahisi, Kutoka Kazi

Tangu ndugu yetu mmoja mwenye kampuni ya mizigo akwame na ofisi yake ya Mayfair, London, wasomaji wanatuuliza swali lile lile: ikiwa mkataba wa miaka 10 unamruhusu kuondoka mwaka wa 5, mwenye jengo anamzuia kwa haki gani?

Kwa haki ya masharti aliyoyatia saini. Kifungu cha kutoka mapema mara nyingi huja na masharti, na majaji wa Uingereza huyasoma neno kwa neno. Notisi ikichelewa siku moja, imekufa. Lakini wengi hunaswa na sharti la kukabidhi ofisi ikiwa tupu. Watu huhamisha meza na kompyuta, wakaziacha kuta za kugawia vyumba walizoweka wenyewe, wakiamini mwenye jengo atafurahi. Katika kesi ya Riverside Park iliyoamuliwa mwaka 2016, wapangaji NHS Property Services walikuwa wameacha kuta za aina hiyo, makabati ya jikoni na zulia. Jaji akasema ofisi haikuwa tupu, na mkataba ukaendelea.

Hata anayefanikiwa kutoka huweza kuumia. Pango hulipwa robo mwaka mapema. Marks & Spencer walitoka jengo la The Point, Paddington, tarehe 24 Januari 2012, wakiwa wameshalipa hadi 24 Machi. Walidai pango la siku zilizobaki mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 wakanyimwa, kwa kuwa mkataba haukusema litarudishwa. Wale wana mawakili wa kutosha. Mwenye duka la kutuma fedha atafanyaje?

Halmashauri nayo haina huruma. Ofisi ikikaa tupu, husamehe kodi ya majengo ya biashara kwa miezi 3 tu, kisha bili inakuja nzima. Ukipiga simu kueleza kwamba mna mgogoro, unaulizwa namba ya akaunti na utalipa lini. Inaudhi sana, na bili haisubiri.

Kwa hiyo usimtegemee wakala aliyekuonyesha ofisi. Huyo kwa kawaida analipwa na mwenye jengo. Tafuta wakili wako, adai masharti yawe machache: pango la msingi liwe limelipwa, wewe uwe umehama, na asibaki mpangaji uliyempangisha wewe. Adai pia kwamba pango la baada ya siku ya kutoka lirudishwe. Kanuni za mwaka 2020 za RICS, chama cha wataalamu wa ardhi na majengo, zinaelekeza hivyohivyo, zitaje mezani. Tena siku ya kutoka iwekwe mwisho wa robo, mathalani 24 Machi au 23 Juni, kabla ya pango jipya kudaiwa.