Ramani ya uwezo wa koperative: nani anaichora, nani ana haki ya kuibadilisha



Tukiuliza koperative "munaweza kufanya nini?", mara nyingi tunaonyeshwa vitu: depo, masini ya kumenya kahawa, pikipiki, kompyuta. Ao tunaonyeshwa watu: prezida, msimamizi, mtunza feza. Ni vizuri kuwa navyo, lakini masini inaharibika, na msimamizi anaweza kupata kazi Goma mwezi ujao. Uwezo ni jambo lenye koperative inaweza kufanya tena na tena, msimu kwa msimu, hata kama mwenye alilifanya mwaka jana hayupo tena.

Mabanki na kampuni za simu wana desturi ya kuchora uwezo wao wote kwenye karatasi moja, visanduku kwa visanduku, mbele ya kununua programu ya kompyuta ao kuanza kazi mpya. Wanaita hiyo ramani ya uwezo. Koperative ya wakulima haina shida ya programu, lakini shida yenyewe inafanana: feza ni kidogo, na kila mtu anaivuta upande wake. Kwa hiyo njia hii inaweza kutusaidia sisi pia.

Tuchukue koperative ya kahawa ya arabika, kama zile za Kalehe, Minova ao Idjwi. Visanduku vyake ni nini? Kupokea kahawa nyekundu na kuipima. Kumenya na kuosha. Kukausha. Kutunza kwenye depo. Kujua kila gunia limetoka kwa nani. Kutafuta mnunuzi na kupatana bei. Kulipa wanamemba. Kufundisha wakulima namna ya kukata miti na kupigana na wadudu. Kuitisha mkutano mkuu na kuonyesha hesabu. Visanduku kumi hivi vinatosha. Tukiona karatasi yenye visanduku arobaini, tunajua iliandikwa kwa kufurahisha mtu wa ofisi.

Angalieni namna tumeandika: kila kisanduku ni kitendo. Hatukuandika "kompyuta", tumeandika kujua kila mwanamemba alileta kilo ngapi na alilipwa ngapi. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta, inaweza pia kufanywa na kayeye na daftari mbili zenye kuandikwa vizuri. Ukiandika chombo, utatafuta chombo. Ukiandika kitendo, utauliza kwanza nini inakosekana.

Na ndani ya kila kisanduku muulize mambo manne: watu wenye kujua kazi wako? Kuna namna ya kufanya yenye wote wanaifuata? Vyombo viko? Maandiko yanabaki? Moja likikosa, uwezo haujakamilika. Mizani nzuri bila daftari haitoshi. Mtu mmoja tu mwenye kujua kupima unyevu wa kahawa haitoshi pia, sababu siku atagonjwa, kazi inasimama.

Kiisha munatia rangi: kijani kama inatembea vizuri, njano kama inasumbua, nyekundu kama haiko ao inatuletea hasara. Hapa ndipo ugomvi unaanza, na ni ugomvi mzuri. Rangi isitoke kinywani tu, itoke kwenye hesabu. Mfano: kilo 5 hivi za kahawa nyekundu zinatoa karibu kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda. Kama daftari la kupokea linasema kilo 10.000 ziliingia, tunangojea karibu kilo 2.000 kwenye depo. Tukikuta 1.500, kuna kisanduku kimoja, ao viwili, vyenye haviwezi kuwa kijani, hata kama mwenye kuvisimamia ni mzee wetu wenye tunaheshimu sana.

Faida ya ramani inaonekana siku feza inaingia. Wanamemba wengi wanaomba masini ya pili ya kumenya, sababu mwezi wa nne wanangoja kwenye foleni mpaka usiku, na kahawa nyekundu lazima imenywe siku ile ile yenye imevunwa, la sivyo inaanza kuchacha. Maombi yao ni ya haki. Lakini tuangalie kisanduku chenye kufuata. Kwenye milima yetu, na mvua ya msimu huo, kahawa inaweza kukaa kwenye meza za kukaushia wiki mbili na zaidi, mpaka unyevu ushuke kwenye 12 kwa mia ao chini kidogo. Maana yake meza moja inaachana na kahawa mara mbili tu kwa mwezi. Ukiongeza masini bila kuongeza meza, kahawa yenye kutoka kwenye basini haina pa kwenda. Itarundikana, itapata ukungu, na mnunuzi ataikataa ao atashusha bei. Masini imenunuliwa, na wanamemba wamepata kidogo kuliko mwaka jana! Mbao, wavu na misumari ndivyo vilikuwa vinahitajika. Tuseme ukweli: miradi ya misaada inapenda masini, sababu masini inaonekana vizuri kwenye picha. Wavu hauonekani.

Sasa, nani anashika ramani hii? Kwa maoni yetu, hili ndilo jambo kubwa kuliko kuchora kwenyewe. Tangu Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, koperative zetu zinafuata sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative. Koperative ndogo ya aina ya SCOOPS ina mkutano mkuu, komite ya uongozi na komisyo ya uangalizi. Kazi ya ramani inaweza kugawanywa juu ya mifupa hiyo hiyo, hakuna haja ya kuunda komite ingine. Kila kisanduku kinapewa mwenyewe mmoja, jina moja, si "sisi wote". Huyo analeta hesabu za kisanduku chake. Komite ya uongozi inapendekeza mabadiliko. Lakini rangi isitiwe na mwenyewe wa kisanduku wala na msimamizi: iangaliwe na komisyo ya uangalizi, ikiwa na daftari mkononi. Na kisanduku kipya kuingia, ao cha zamani kutoka, kunaamuliwa na mkutano mkuu.

Kuna kisanduku kimoja chenye kinagonga mlango tayari. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa pori inaomba kahawa na kakao zijulikane zimetoka shamba gani, pamoja na nukta ya GPS ya shamba. Kwa shamba lenye kupita hektari 4, inaomba mipaka yote. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini koperative yenye kuuza Ulaya haiwezi kungoja. Mtu wa mradi anaweza kuja na simu yake, akapima mashamba yote kwa wiki mbili, akaenda nazo. Je, huo ni uwezo wa koperative? Hapana. Muulize: orodha inabaki kwetu? Nani kati yetu anaweza kupima shamba la mwanamemba mpya mwaka kesho? Kama jibu ni hakuna, kisanduku kinabaki nyekundu, hata kama ripoti ya mradi inasema kazi imekwisha.

Ndiyo maana tunaomba mradi wowote, hata wetu, ukifika kwenu na fomu zake, muweke ramani yenu mezani kwanza. Mtu wa mradi aonyeshe na kidole ni kisanduku gani anakuja kusaidia, na nani kati ya wanamemba atakishika siku atarudi kwao.

Wakati mzuri wa kuangalia ramani upya ni mwezi wa kwanza, mbele mavuno hayajaanza, na mara ya pili kiisha malipo ya mwisho, wakati hesabu za msimu bado ziko kwenye vichwa vya watu. Muitundike kwenye ukuta wa depo, pembeni ya mizani, pahali kila mwenye kuleta kahawa anaweza kuisoma akingoja zamu yake. Kwa wale wenye hawasomi, rangi zinatosha, na tumeona hao ndio wanauliza maswali makali zaidi.