Kamba wa Ungwana na Maji ya Mto Tana

Mto Tana, unaopita kando ya mji wa Garissa, humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Maji hayo huteremsha udongo wa nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare pamoja na majani yaliyooza njiani, na huo ndio mbolea ya ghuba. Sehemu kubwa ya bahari za joto haina rutuba. Mto mkubwa unapoingia, chakula hupatikana, na miongoni mwa wanaokifuata ni kamba.

Faida za bahari yenye afya zimeshaorodheshwa mara nyingi: kitoweo, mikoko inayovunja nguvu za mawimbi, kaboni inayofukiwa topeni, utalii. Kamba anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa safari yake huonyesha jinsi mto, mikoko na bahari vinavyotegemeana.

Kamba jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu baharini, nje ya mdomo wa mto. Mayai huanguliwa haraka, na kiluwiluwi hujivua gamba mara kadhaa. Baada ya wiki mbili au tatu huwa ameshapata umbo la kamba, lakini urefu wake ni kama sentimita moja tu, na kwa kimo hicho anatakiwa afike kwenye mikoko. Kushindana na mkondo hawezi.

Huenda kama msafiri asiye na nauli, anayedandia kila lori linaloelekea anakotaka na kuruka chini mara tu dereva anapogeuza. Maji yanapoanza kujaa, kamba mdogo huinuka kutoka sakafuni, akabebwa kuelekea horini. Yanapoanza kupwa, hushuka chini, ambako mkondo ni dhaifu, akajishikiza topeni kwa saa sita hivi akingojea lori jingine. Husafiri zaidi usiku, samaki wanaomwinda wanapokuwa hawaoni vyema. Kwenye barabara hii wao ndio askari wa vizuizi. Lori linaelekea wapi, hulijulia wapi? Majaribio ya maabara yametaja ishara mbili: maji yanapojaa, kina huongezeka na shinikizo hupanda, tena chumvi huzidi kwa sababu ni maji ya bahari yanayoingia. Mwili mdogo kuliko punje ya maharagwe husoma yote mawili na kuchagua gari. Hatua kwa hatua, kujaa hadi kujaa, abiria hufika kituoni.

Kituo chenyewe ni mizizi ya mkoko na mchu. Humo samaki wakubwa hupita kwa shida, na majani yanayooza hulisha vijidudu ambavyo kamba huvila. Baada ya miezi michache ya kunenepa hurudi baharini kutaga, na njiani hukutana na kimia cha mvuvi wa Kipini au Ngomeni. Meli za kukokota nyavu, zilizokuwa zikikwangua sakafu ya ghuba na kugombana na wavuvi wadogo, zilisimamishwa mwaka 2006, zikaruhusiwa tena mwaka 2011 chini ya mpango wa usimamizi.

Delta inayolea kamba hulisha mifugo pia: kiangazi kikizidi, wafugaji wa Garissa na Ijara hushusha ng'ombe kwenye malisho yake. Huko Ozi, wakulima wa mpunga huitegemea bahari iwamwagilie mashamba, kwani maji yanapojaa huyainua maji baridi ya mto hadi majarubani. Mpango huo huhitaji mto wenye nguvu. Mabwawa ya juu, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, hushika tope na kupunguza mafuriko ya msimu; mto ukidhoofika, kinachopanda hadi mashambani Ozi ni maji ya chumvi, na mpunga hukauka.