Lafudhi Haisahihishwi: Desturi za Wasomaji wa LibriVox

Katika jumuiya ya LibriVox, anayesikiliza rekodi ya mwenzake ili kuisahihisha anaruhusiwa kusema kwamba sentensi imesomwa mara mbili, kwamba pametokea kimya kirefu, kwamba mlio wa simu umeingia katikati ya aya. Haruhusiwi kusema kwamba msomaji ana sauti nyembamba, kwamba hadithi ya kutisha ameisoma kama taarifa ya habari, wala kwamba Kiingereza chake kina lafudhi ya Kihindi. Hayo hayamhusu. Labda msomaji mwenyewe aombe maoni kuhusu usomaji wake, asipoomba, hapewi.

Nakiri kwamba naipenda desturi hii kuliko nyingine zote za jumuiya hiyo. Naamini ndiyo iliyoifanya idumu.

LibriVox ilianzishwa Agosti 2005 na Hugh McGuire, mtu wa Montreal nchini Kanada. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza: vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha visomwe kwa sauti na watu wa kawaida, vitolewe bure kwa kila mwenye masikio. Kitabu cha kwanza kilikuwa *The Secret Agent* cha Joseph Conrad, na watu kadhaa waligawana sura zake. Leo orodha ya kazi walizokamilisha imepita 10,000, katika lugha nyingi. Hakuna anayelipwa kwa kusoma. Rekodi zenyewe zinahifadhiwa na Internet Archive, na maandishi mengi yanatoka Project Gutenberg, kazi aliyoianza Michael Hart huko Illinois mwaka 1971. Na maandishi hayo nayo, kwa sehemu kubwa, yamepita mikononi mwa watu wengine wa kujitolea, Distributed Proofreaders, ambao tangu mwaka 2000 wanasahihisha vitabu vya zamani ukurasa mmoja mmoja, picha ya ukurasa wa asili ikiwa upande mmoja na maandishi upande wa pili. Kwa hiyo hadithi unayoisikia leo imekwisha kuangaliwa na macho ya wengi kabla haijafika kinywani mwa msomaji.

Mlango wanaoingilia wageni wengi ni hadithi fupi. Riwaya inataka mtu ajifunge kwa miezi, lakini hadithi ya mwandishi Saki unaweza kuimaliza jioni moja. Jumuiya ina utaratibu wa siku nyingi wa kukusanya hadithi fupi 20 katika mkusanyiko mmoja, na kila msomaji huleta aliyoichagua mwenyewe. Hakuna mhariri anayepanga zifanane. Ndiyo maana unaweza kumkuta Edgar Allan Poe ameketi jirani na O. Henry, kisha anafuata Maupassant, kisha mwandishi aliyesahaulika kabisa ambaye mtu mmoja tu duniani alimkumbuka, akampenda, akamsoma. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye anayenifurahisha zaidi. Tena hakuna anayemiliki hadithi kwa kuwa ameitangulia. *The Monkey's Paw* ya W. W. Jacobs, iliyochapishwa mwaka 1902, ikishasomwa na mmoja haifungwi. Mwingine akitaka kuisoma upya, anasoma.

Sharti la kwanza ni umri wa andiko, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. Sheria wanayoifuata ni ya Marekani, ambako kazi za zamani zilizochapishwa hulindwa kwa miaka 95. Mwaka 1998 bunge la nchi hiyo liliongeza muda wa ulinzi, na kwa miaka 20 hakuna vitabu vipya vilivyoingia katika miliki ya umma kwa kutimiza umri. Kufuli lilifunguliwa Januari 1, 2019, kwa kazi za mwaka 1923. Tangu hapo kila Mwaka Mpya huja na mwaka mmoja wa vitabu. Januari 1, 2025 ilikuwa zamu ya vilivyochapishwa mwaka 1929. Watu hawa huisubiri siku hiyo kama sikukuu, orodha zao zikiwa tayari. Tafsiri ina hesabu yake. Chekhov alifariki mwaka 1904, lakini anayemsoma kwa Kiingereza anasoma maneno ya mfasiri, na umri unaohesabiwa ni wa tafsiri. Tafsiri za Constance Garnett za kabla ya mwaka 1930 zinafaa. Tafsiri nzuri iliyochapishwa miaka ya sitini haifai, hata kama msomaji anaijua kwa moyo.

Mgeni hapewi kazi siku hiyohiyo. Kwanza anarekodi kipande cha dakika moja, na wenyeji wanakipima. Hawapimi ufundi wa kusoma. Wanaangalia kama faili ni MP3 ya kiwango cha kilobiti 128, kama sauti iko karibu na desibeli 89, kama nyuma yake hakuna mvumo wa feni. Wengi hutumia Audacity, programu ya bure, na wenyeji wana subira ya ajabu ya kumwelekeza mtu ambaye hajawahi kugusa programu ya kurekodi: bonyeza hapa, kata pale, songa karibu na maikrofoni, jaribu tena. Mtu akifaulu, hukaribishwa kwa furaha ya kweli.

Kisha anafundishwa maneno ya kuanzia. Kila rekodi, iwe ya dakika tatu au ya saa moja, hufunguliwa kwa tangazo lilelile: kwamba hii ni rekodi ya LibriVox, kwamba iko katika miliki ya umma, na kwamba anayetaka kujiunga aende wapi. Hufuata jina la hadithi na la mwandishi. Mwishoni msomaji hutaja kwamba hadithi imekwisha, kisha huacha sekunde tano za kimya. Sisi tuliolelewa na paukwa na pakawa hatuhitaji kuelezwa faida ya jambo hili. Msimulizi wetu naye hakurupuki kuanza; anafungua, anaitikiwa, na akimaliza anafunga ili msikilizaji ajue amerudishwa nyumbani. Tofauti ni kwamba msomaji wa LibriVox haitikiwi. Yuko peke yake, pengine ndani ya kabati la nguo, kwa sababu nguo zilizotundikwa hunyonya mwangwi vizuri kuliko ukuta. Anasubiri lori lipite. Anasubiri mbwa wa jirani anyamaze. Akiteleza ulimi, anarudia sentensi yote tangu mwanzo, kwa kuwa kuunga sentensi katikati huacha kovu linalosikika.

Faili likishapelekwa, linaingia mikononi mwa msahihishaji. Kazi yake ina daraja, na anayesimamia mradi ndiye anayechagua. Katika usahihishaji wa kawaida anasikiliza tu, akitafuta marudio, kelele na vimya visivyo na sababu. Katika usahihishaji wa neno kwa neno anafuata maandishi kwa macho, na kila neno lililobadilika analiandika. Maelezo yake ni mafupi: dakika ya 7 na sekunde ya 42, maneno haya yamerudiwa, dakika ya 11, kuna kishindo, pengine umegonga meza. Huongeza shukrani, mara nyingi na neno kuhusu jinsi hadithi ilivyomgusa. Msomaji anarudi kabatini. Anagundua kwamba leo sauti yake ni nzito kuliko ya juzi, au kwamba maikrofoni ameiweka mbali kidogo, na sentensi moja mpya inasikika kana kwamba imetamkwa na ndugu yake. Anarudia mpaka ifanane. Anapeleka tena. Msahihishaji anasikiliza tena pale paliporekebishwa, na rekodi inapita.

Nawaheshimu sana wasahihishaji. Jina la msomaji husikika. La msahihishaji hakuna msikilizaji anayelitafuta. Na kazi yake inataka nidhamu ya aina mbili zisizopatana kirahisi, kwa kuwa anatakiwa awe na sikio linalokamata pumzi iliyokatwa vibaya, na wakati huohuo awe na ulimi unaojizuia kusema asilotumwa kusema. Mwenye sikio kali kwa kawaida ana maoni mengi. Anajua mhusika huyu angesomwa vipi. Anasikia jina la mji wa Ufaransa likitamkwa kama la Texas, na moyo unamwasha. Lakini desturi inamwambia aliache, maana maneno ya mwandishi yamefika salama na yanaeleweka. Ukali wote umeelekezwa kwenye maandishi, ukarimu wote kwa mtu.

Kwetu Waswahili hili ni somo gumu. Tumelelewa na wakaguzi wa ndimi. Mtoto wa Kisumu anachekwa Mombasa, wa Mombasa anaonekana anaringa akifika Dodoma, na Mkongo wa Lubumbashi anaambiwa Kiswahili chake si Kiswahili na watu ambao hawajawahi kumsikiliza hadi mwisho wa sentensi. Wako watu wenye hazina ya hadithi ambao hawatashika maikrofoni maisha yao yote kwa sababu siku moja darasani mtu aliwacheka kwa kuchanganya l na r. Ninaposikiliza mkusanyiko wa LibriVox na kumsikia mzee wa Uskoti, kisha msichana wa Manila, kisha mtu ambaye Kiingereza dhahiri ni lugha yake ya tatu, wote wakipokewa kwa heshima moja katika orodha moja, nawaza juu ya hao.

Iko desturi nyingine ambayo wengi huiona chungu wanapoielewa. Anayerekodi anaachilia haki zote. Sauti yake nayo inaingia katika miliki ya umma siku hiyohiyo, na mtu asiyemjua anaweza kuiweka kwenye diski na kuiuza, asimpe senti wala shukrani. Hutokea. Wenyeji humweleza mgeni jambo hili mapema, bila kumficha. Wapo wanaoondoka. Wanaobaki wamekubali kutoa kama anayetoa hasa. Na wanachotoa ni sauti ya mtu. Rekodi iliyosomwa na mashine hawaipokei, hata iwe imenyooka namna gani. Msomaji akifariki kabla hajamaliza kitabu, wenzake hukikamilisha, na rekodi zake za nyuma hubaki mahali pake katika orodha.

Hadithi za kale za Kiswahili zilizotimiza umri tunazo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, *Swahili Tales*, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo yumo Sultani Darai, na paa aliyemtajirisha maskini aliyekuwa akichakura jaani, kisha akaugua na kupuuzwa na yuleyule aliyemwinua. Ni hadithi inayodai kusomwa kwa sauti, kwa sababu ilitoka kinywani. Hakimiliki haizuii tena. Tahajia yake ni ya kabla ya kusanifishwa kwa Kiswahili, hivyo msomaji wa leo atasita hapa na pale, naye msahihishaji atahitaji kuamua mapema kama anafuata herufi au anafuata neno.

Wasomaji hawatakosekana, maana wenye sauti za kusimulia tunao tele kuanzia Lamu hadi Bujumbura. Ningeanza kwa kumtafuta yule wa pili, msahihishaji, atakayekaa na kitabu cha 1870 mbele yake na hedifoni masikioni, amsikilize Mpemba, amsikilize na mtu wa Bukavu, akijua lipi ni neno lililorukwa na lipi ni namna tu ya kwao ya kulitamka.