Je, Wajua? Si kila cheni inayosugua imechoka

Baiskeli nyingi za Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hazina gia. Tambarare ya mpunga haizidai. Thamani ya gia utaijua ukipanda kuelekea mji wa Tukuyu: Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu ni takriban 1,500.

Kwenye baiskeli yenye gia, cheni ikisugua mbele, usikimbilie kununua mpya. Tazama kile kibati kinachoisukuma kutoka gia moja kwenda nyingine. Ubavu wake wa nje ukae sambamba na gia kubwa, juu ya meno kwa milimita 1 hadi 3. Hatua hii ndiyo mafundi wengi wa haraka huiruka.

Sasa bisibisi. Weka cheni kwenye gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, uzungushe skrubu yenye herufi L kwenye kibati hicho, robo kwa robo, mpaka ubavu wa ndani uachane na cheni kidogo tu. Ukizidisha, cheni itadondokea upande wa fremu. Skrubu ya H ni kinyume: kubwa mbele, ndogo nyuma.

Ukiendesha kwa gia ndogo mbele na ndogo nyuma, cheni itaendelea kukwaruza hata baiskeli ikiwa mpya. Hapo badili gia, bisibisi iache mfukoni.