Dhahabu, Jiwe na Mwezi

Katika nchi ya Geita dhahabu nyingi imo ndani ya mawe magumu, nayo ni punje ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Mchimbaji mdogo huyasaga mawe hata yawe unga, akautia unga katika karai pamoja na maji, akalizungusha polepole. Maji huuchukua mchanga na kuumwaga nje. Dhahabu hubaki chini.

Ni nani aliyeitenga? Ni dunia yenyewe, kwani huvuta kila kitu kuelekea katikati yake. Debe la maji lina kilo 20, na la mchanga mkavu halifiki kilo 40. Debe hilo hilo likijazwa dhahabu (nani anayo?) lingepita kilo 380. Maji huweza kuubeba mchanga, bali dhahabu yawashinda.

Lakini msidhani ya kuwa kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi mahali pote. Maji na hewa ndivyo vizuiavyo. Mwaka 1971 Mmarekani David Scott alisimama juu ya Mwezi, pasipo hewa, akaachia nyundo na unyoya pamoja, navyo vilifika chini kwa wakati mmoja.

Sasa tazameni shimo la wachimbaji, ambalo wao huliita duara. Jiwe likiponyoka ukingoni, katika sekunde ya kwanza hushuka mita 5 tu. Zikiisha sekunde mbili limeshuka mita 20, na mwendo wake ni kilomita 70 kwa saa, kama motokaa iendayo kasi. Zikiisha tatu limeshuka mita 44. Kwa hiyo jiwe dogo kama yai laweza kumwua mtu aliye chini, na wachimbaji wenye busara hawaachi jiwe wala nyundo karibu na mdomo wa duara. Watoto wanaotupia mawe katika mashimo ya zamani wasikie mlio wake hawajui kama yumo mtu.

Basi, mtu atauliza: ikiwa dunia yavuta hivyo, mbona Mwezi hauanguki? Nawaambia, waanguka. Ukirusha jiwe kwa mlalo kutoka juu ya kilima, litaanguka mbali kidogo. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, mbali zaidi. Na dunia ni mviringo, nchi yake yainama. Kama ungeweza kulirusha kilomita 8 kwa sekunde, wala pasiwe na hewa ya kulizuia, lingeanguka daima na nchi ingeinama daima chini yake, lisiifikie kamwe.

Ndivyo ulivyo Mwezi. U mbali nasi kilomita 384,000, na huko mvuto wa dunia ni dhaifu sana. Katika sekunde ile ile ambayo jiwe hushuka mita 5 katika duara, Mwezi hutuangukia milimita moja na kitu, na papo hapo husonga mbele kilomita moja. Hivyo huizunguka dunia kwa siku 27. Dunia nayo hulizunguka jua vivyo hivyo, kwa kilomita 30 kila sekunde, pamoja na Zuhura, Mirihi, Mushtarii na sayari nyingine.

Viko vitu vya angani ambavyo njia yao hukutana na dunia. Huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kimelala kipande cha chuma chenye tani 16 hivi, kilichotoka juu.