Namna ya kujulisha maharagi yenu bila kutumia makuta mengi



Katika mikutano mingi tunasikia swali moja: «Maharagi yetu ni ya muzuri, lakini kwenye soko bei ni ile ile ya kila mutu. Tufanye nini?» Mara nyingi jibu la kwanza linalotoka kikaoni ni kutafuta mufadhili wa kutengeneza bandarole na kofia. Tunaomba mungojee kidogo. Kuna kazi ya kufanya mbele ya hiyo, nayo inaomba tu nyungu, mizani na daftari.

Kwanza mujue mununuzi anaogopa nini. Mutume watu wawili waende sokoni asubuhi moja bila kuuzisha kitu, waulize wamama wanaonunua. Katika miji kama Goma, Bukavu ao Butembo, nyumba nyingi zinapika kwa makala, na makala ni bei. Kwa hiyo mama anayenunua maharagi anahesabu pia makala itakayoisha. Maharagi ya bei ya chini ambayo yanakaa juu ya moto tangu asubuhi mpaka mangaribi, kwake ni maharagi ya bei kali. Kisha anaogopa mawe, wadudu, na lile kopo la kupimia ambalo chini yake limepigwa nyundo kusudi libebe kidogo. Hakuna atakayewaambia kwamba alikataa kununua juu koperative haina bandarole.

Hapo njo nguvu yenu iko. Maharagi yakiwekwa muda murefu katika nyumba yenye joto na unyevu, yanakuwa magumu kuiva, hata kama kwa macho yanaonekana safi. Muchuuzi anayekusanya huku na huku anaweza kuchanganya ya mavuno haya na ya zamani bila hata kujua. Nyinyi munajua. Munajua shamba, munajua mbegu, munajua kama ni mavuno ya musimu A, yale ya mwezi wa 12 na wa 1, ao ya musimu B, ya mwezi wa 6 na wa 7. Lakini mununuzi hawezi kusoma mwezi wa mavuno katika punje. Inaomba mumuonyeshe.

Na njia ya kumuonyesha ni nyungu. Siku ya soko, mama mumoja afike mapema, awashe makala karibu na viloba, afungue kiloba mbele ya watu, apime kilo 2 na kuziweka juu ya moto. Aandike saa kwenye kipande cha karton: «Tumeanza saa 12 na nusu.» Yakiiva, aandike saa ya pili chini yake. Asitie magadi, juu kila mama anajua magadi inalainisha maharagi, na mukionekana nayo, kazi yote imekufa. Kama mulilowesha tangu usiku, museme. Kisha muonjeshe watu, chumvi tu na kijiko. Harufu itaita watu kuliko megafoni. Hapana kupika pembeni maharagi ya jirani ili kumuhaibisha. Mutarudi kwenye soko lile lile juma linalokuja, na yeye atakuwa pale pale.

Wengine watasema hiyo ni kupoteza mali. Tupige hesabu. Tuseme kilo moja ni franka 2.000. Mukipika kilo 2 kwa masoko 8, mumetumia kilo 16, ni franka 32.000, na makala juu yake. Kama ile nyungu inawafanya muuzishe tani moja kwa franka 100 zaidi kwa kilo, mumeongeza franka 100.000. Kama bei haikupanda lakini viloba vinaisha mapema na hamulali sokoni, hiyo nayo ni faida. Muandike hesabu hiyo katika daftari, kusudi wanamemba waone wenyewe kama nyungu inalipa. Isipolipa kisha masoko 8, muache.

Kuchagua ni kazi ya kuchosha, lakini haina njia ya mukato. Kiloba kiwe na rangi moja, aina moja. Aina mbili zikichanganyika, moja inaiva na nyingine inabaki ngumu katika nyungu moja, na mupishi atawalaumu nyinyi. Mawe yatoke yote. Mutu akivunjika jino kwa maharagi yenu, habari itafika mbali kuliko redio.

Kuhusu kipimo: mizani ya kutundika ni muzuri zaidi. Mukikosa, mutumie kopo lisilopondwa, na mumuache mununuzi mwenyewe alishike, aangalie chini yake, asawazishe juu kwa mukono wake. Inachukua dakika moja. Mama mwenye restora, ambaye ananunua kila siku, atarudi juu ya dakika hiyo.

Sasa jina. Muchague jina moja fupi, mulikate katika karton ngumu, mupake rangi juu ya kila kiloba: jina la koperative, aina, mwezi wa mavuno, namba ya simu. Namba ile isiwe ya prezida. Tunasisitiza sana neno hilo. Prezida akimaliza muhula wake ao akikosana na wenzake, anaondoka na bakiliya wote ndani ya simu yake, na koperative inabaki na viloba bila wa kupigia. Simu na kadi yake viwe mali ya koperative, vikae pamoja na kashe, na kuwe mutu aliyechaguliwa kupokea. Pembeni, daftari la bakiliya: jina, pahali, anapenda aina gani, ananunua kiasi gani, alinunua mwisho lini.

Redio ya mutaani na matangazo ya kanisa kisha ibada vinasaidia, lakini mukiwa na cha kusema. «Maharagi ya muzuri kabisa» ni maneno ya kila mutu. Museme hivi: «Siku ya ine, kwenye soko, koperative yetu italeta viloba 20 vya maharagi ya njano, yamevunwa mwezi wa 6, bila mawe, bei ni hii, namba ni hii.» Kama kuna viloba 20, museme 20.

Kuna koperative zinazolima maharagi yenye chuma kingi, zile mbegu zilizosambazwa na INERA pamoja na HarvestPlus. Chuma hakionekani kwa macho wala kwa rangi. Kwa hiyo museme neno hilo tu kama mbegu ilitoka kwa muzalishaji munayemujua na karatasi yake iko. Likisemwa kwa kila kiloba, hakuna atakayeliamini tena.

Na ile bandarole? Maoni yetu ni haya, hata kama sisi wenyewe ni shirika la musaada: alama kubwa ya mufadhili juu ya meza inaweza kuwafanya watu wafikiri kwamba maharagi ni ya kugawa bule, ao ya kupunguziwa bei. Alama yetu inatosha kukaa ofisini.

Shule zenye kulaza watoto na hospitali ni bakiliya wakubwa, lakini wengi wanaomba fakture. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka wa 2012, na sheria yake inaomba jina la koperative liandikwe pamoja na aina yake, SCOOPS ao COOP-CA, kwenye karatasi zake. Mutunze kitabu cha fakture chenye jina lile lile la kwenye viloba. Mumupelekee mupishi kilo 1 ya kujaribu mbele ya kwenda kwa ekonomi. Mupishi njo atakayesema ndiyo ao hapana.

Maharagi yakiisha, mujibu simu na museme yameisha. Kuna jaribu la kununua ya muchuuzi na kuyatia ndani ya viloba vyenye jina lenu ili komande isipotee. Mukatae. Muandike jina la yule kiliya juu ya ukurasa mupya, na mwezi wa 5, mbele ya mavuno ya musimu B, mumupigie yeye wa kwanza.